Mashini Tuliyojivunia Kutoizima

Espérance ndiye aliyeniomba niandike. Alisema sitaondoka biro, hii ofisi yetu, hivi hivi na kichwa kimejaa vitu, kisha ninyi mubaki munatafuta waya gani unaenda wapi. Nilimwambia waya zote nilishazibandikia karatasi. Akanijibu kwamba mwandiko wangu ni wa munganga, hakuna anayeusoma. Basi naandika kwa ordinateri, kwenye kompyuta yenyewe, kisingizio kiishe. Vyeo na mishahara sitavigusa: vyeo vilikuwa vidogo, na habari za mushahara mama watoto anazijua kuliko mimi.

Nilifika Goma kutoka Butembo, juu ya lori ya maharagi. Pale Kalengera tairi mbili zilipasuka kwa pamoja, tukakaa siku nzima, na shati nyeupe niliyoitunza kwa ajili ya kazi ikageuka rangi ya barabara. Nilikwenda nayo hivyo hivyo kwa Muzee Cirhuza, mutu wa upande wa Bukavu, aliyekuwa anatengeneza ordinateri katika nyumba ya mbao kule Majengo. Aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akaniuliza kama nimekuja kufanya kazi ao nimekuja kuchimba viazi. Kisha akanipa burashi ya kupaka rangi na kifutio cha shule.

Musicheke hivyo vyombo. Vumbi ya muji wetu inatoka kwenye mawe ya volkano, ni nyeusi na kali, inaingia kwenye feni ya mashini na kuikaba. Burashi laini inaiondoa bila kukwaruza. Kifutio kinasugua meno ya kadi ya kumbukumbu mpaka yang'ae, na mashini nyingi zilizoletwa kwetu kama maiti zilifufuka kwa hicho kifutio tu. Majuma matatu ya kwanza sikugusa kitu kingine. Muzee alisema mutu asiyejua kufuta vumbi asimuguse mugonjwa, na mugonjwa kwake ilikuwa ordinateri yoyote, hata ile ya jirani ambaye alikuwa hasalimiani naye.

Somo kubwa alinifundisha kwa rejista ya karatasi. Kituo kimoja cha afya kilituletea ordinateri ya laboratwari. Kila walipoandika jina refu, programu ilianguka, na siku nyingine ilitoa matokeo ya ajabu. Mimi nilikuwa nimeshafungua mashini na kifutio mukononi. Muzee akanizuia, akafungua rejista ya zamani mbele yangu, ile yenye safu zilizochorwa kwa rula. Akanionyesha safu ya jina, yenye nafasi ya herufi ishirini, na pembeni yake safu ya matokeo. Mwandishi mwenye akili, jina likizidi, anakata herufi za mwisho. Ordinateri haina hiyo akili. Kama aliyeandika programu alisahau kuiambia ihesabu, itaendelea tu kuandika, na herufi ya ishirini na moja itaangukia ndani ya matokeo. Asubuhi muuguzi anakuja, anasoma kilichoandikwa katika safu ya matokeo, na anatoa dawa kufuatana na alichosoma. Wala hajiulizi nani alikiandika.

Kisha muzee akaniuliza: kama mutu mubaya anaijua hiyo kasoro, atajiandikisha kwa jina gani? Nilifikiri mpaka chai yangu ikapoa. Nikajibu kwamba atajipa jina refu, na mwisho wa hilo jina ataweka ile amri anayotaka muuguzi aifuate. Muzee alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumuona akicheka tangu nifike.

"Njo hiyo tu," akasema. "Utaona mambo mengi katika hii kazi, watayapa majina makubwa, lakini chini yake utakuta njo hiyo tu."

Muzee Cirhuza alitutoka kabla hajaona jinsi alivyosema kweli. Namukumbuka kila ninaposhika burashi, na mara nyingi namukumbuka kwa hasira, sababu alikuwa anasema kitu mara moja tu.

Miaka ilipita, nikaingia katika hii biro yetu, na siku moja ile mashini kubwa ikafika. Wengi wenu muliikuta, hamujui tuliipokeaje. Ilivuka mupaka ikiwa imefungwa katikati ya magodoro mawili, na aliyeileta alitudai magodoro yake kabla hatujaondoa hata plastiki. Kazi yake ilikuwa kubeba mashini nyingine ndani yake. Mashini hizo hazina chuma wala misumari, ni programu tu, lakini kila moja inajiona ni ordinateri kamili. Mimi nilikuwa nawaelezea wateja hivi: ni parseli moja ya Majengo, kiwanja chenye vyumba vingi vya kupanga, kila mupangaji ana mulango wake, ufunguo wake, na hajui jirani anapika nini. Tulikuwa na duka la vipuri, shule ya masista, wafanyabiashara wawili wa Beni, na duka moja la internet ambalo neno lake la siri lilikuwa linajulikana na kila mutu aliyewahi kukaa pale. Hilo la mwisho lilinichekesha wakati ule.

Mupangaji aliyenipa kazi zaidi alikuwa Dokta Furaha. Ana kliniki ndogo ya watu wanaokunywa dawa za ukimwi, na mafaili yao yote alikuwa ameyafungia katika kabati ya chuma, ufunguo shingoni. Panya walipitia nyuma ya kabati wakala faili mbili nzima. Ndipo akaja kwetu, lakini alikuja kama mutu anayekwenda kung'olewa jino. Mara tatu alinisikiliza, mara tatu akarudi kwake bila kusema ndiyo. Katika muji huu mutu akionekana mbele ya kliniki yake, habari inafika nyumbani kabla yeye mwenyewe hajafika. Kuna wanawake waliofukuzwa, kuna baba mumoja ambaye watoto wake walikataliwa viti shuleni. Mara ya nne Dokta aliweka mukono juu ya ile mashini kubwa.

"Papa Mumbere, hii haiko orodha ya majina tu. Hizi ni nyumba za watu, ndoa zao, kazi zao. Uko na uhakika mupangaji wa chumba kingine hawezi kuvuka ukuta?"

"Hawezi, Dokta. Nakupa neno langu."

Nililitoa haraka sana hilo neno.

Sasa niwaambie kuhusu ubao. Munajua umeme wa hapa. Unakuja unapotaka na unaondoka bila kuaga, na biro zote za muji zilikuwa zinaanguka nao. Sisi tuliapa hatutaanguka. Tulipanga betri kama matofali, tukaweka paneli za jua juu ya bati, na jenereta nyuma ya choo. Mashini kubwa haikuzimika. Tukatundika ubao mweusi ukutani, na kila Jumatatu tuliandika kwa chaki siku ngapi imekaa bila kuzimwa. Kila siku mia zilipotimia, tulikula broseti, mishikaki ya mbuzi, na soda, na shefu, mukubwa wa biro, alitoa hotuba. Juu ya mashini mimi mwenyewe nilibandika karatasi: USIZIME. Wageni waliletwa kuuona ubao kabla ya kuoneshwa choo kiko wapi. Nakiri nilikuwa naupenda ule ubao. Katika muji ambao kila kitu kinakatika, sisi tulikuwa na kimoja kisichokatika, na nilikuwa natembea nacho kifua mbele.

Basi ikaja taarifa ya usalama kutoka kwa walioandika ile programu inayobeba wapangaji. Niliisoma nikacheka peke yangu. Munajua kwamba kila mupangaji, hata kama hakuomba, alikuwa amepewa kidude cha kusoma disketi? Disketi, zile za plastiki ambazo ninyi mumeziona kama picha ya kubonyeza tu. Hakikuwepo kwa kweli, kilikuwa cha kuigiza, na hakuna aliyekuwa anakitumia. Lakini aliyekiandika alikipa nafasi ndogo ya kupokea amri, akasahau kukiambia kihesabu. Mutu aliye ndani ya chumba kimoja aliweza kukimiminia maneno kupita kiasi, yakamwagika nje ya nafasi yake, yakaingia mahali ambapo mashini kubwa inasoma amri zake yenyewe. Hapo huyo mutu anatoka chumbani kwake na kuwa mwenye parseli. Anafungua mulango wowote. Ilikuwa rejista ya laboratwari ya Muzee Cirhuza, mustari kwa mustari.

Dawa yake ilikuwa kiraka, kipande cha programu cha kuziba hiyo kasoro, na nilikiteremsha siku hiyo hiyo. Internet ilikuwa ya kulialia, ikachukua muchana wote. Kilipoingia, Espérance, ambaye alikuwa na mwaka mumoja kazini na hakuwa na adabu ya kunyamaza, aliniuliza kama hatupaswi kuzima wapangaji wote na kuwawasha upya. Nilimwambia kiraka kimeingia, nimekiona kwa macho yangu, tumemaliza. Akaniangalia, akaangalia ubao. Zilikuwa zimebaki siku nne tufike mia nyingine. Nilimupigia Dokta Furaha simu nikamwambia kulikuwa na tundu na nimeliziba. Akanishukuru. Siku nne baadaye tulikula broseti.

Miezi kumi na moja ikapita. Espérance alikuwa na mupangaji wake wa mazoezi, aliyekuwa anaishi humo tangu kabla ya kiraka. Siku moja, baada ya chakula cha saa sita, akaandika kijiprogramu cha kummiminia yule msomaji wa disketi maneno kupita nafasi yake, aone jinsi kiraka kinavyokataa. Hakikukataa. Mupangaji wake aliporomoka palepale. Akamuwasha upya, akamimina tena yale yale, na safari hii akakataliwa kwa heshima zote. Alirudia na mupangaji mwingine wa zamani asiye na kazi. Ikawa hivyo hivyo. Ndipo akaja mezani kwangu, akakaa, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

"Papa Mumbere, kiraka kiko kwenye diski. Lakini wapangaji waliowashwa mbele yake bado wanatembea na programu ya zamani. Hatujawahi kuwazima. Wote wako wazi."

Muelewe vizuri kosa letu, sababu sidhani kama kuna mahali pengine watu wanaweza kulifanya. Kiraka kinaandikwa kwenye diski, lakini programu inayotembea ilishajisoma zamani, iko kumbukumbuni, haisomi tena mpaka uizime na kuiwasha. Kwa majirani zetu walioweka kiraka kama sisi, wale tuliokuwa tunawacheka, umeme ulikatika jioni ileile, mashini zao zikaanguka, zikaamka asubuhi zikiwa zimepona bila wao kujua. Sisi peke yetu, na betri zetu na paneli zetu na hotuba za shefu, tulibaki na ugonjwa miezi kumi na moja. Na ile karatasi ya USIZIME ilikuwa kwa mwandiko wangu, ule unaosemekana hausomeki.

Hapa inabidi niseme jambo lingine. Kati ya mafaili ya Dokta Furaha, moja lilikuwa langu. Wakati huo ulikuwa mwaka wangu wa tisa wa kunywa zile dawa. Mama watoto alijua, Dokta alijua, basi. Nilikuwa naingia kliniki na mufuko wa vyombo begani kama nimeitwa kutengeneza ordinateri, na nilikuwa natoka na dawa chini ya turnevisi, zile bisibisi zangu. Hakuna aliyenishuku. Kwa hiyo Espérance aliposema wote wako wazi, sikufikiria kwanza wagonjwa. Nilifikiria jina langu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na nilijionea haya saa ileile.

Tulizima yote siku ya Jumamosi, muchana. Espérance alitoa ile karatasi, mimi nikafuta ubao kwa kitambaa kilicholowa. Kuzima mashini iliyozunguka miaka ni kumpa mutu muzima dawa ya usingizi: hujui kama diski zitakubali kuamka. Feni ziliponyamaza, nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba biro yetu iko jirani na kinyozi. Tulihesabu mpaka mia mbili, tukawasha. Diski moja ililalamika, ikakohoa, ikazunguka. Wapangaji wakaamka mumoja mumoja, Espérance akawajaribu wote, na wote wakakataa. Tundu lilikuwa limezibwa kweli.

Lakini nani alipita humo kabla? Tulitafuta alama juma zima. Kwenye chumba cha lile duka la internet tulikuta programu za ajabu ajabu, nyingine za michezo, nyingine sikuzielewa. Alama ya mutu aliyevuka ukuta hatukuiona. Shefu alifurahi. Alisema kama hatukuona kitu, hakuna kilichotokea, na nikienda kusema nitaua biro na kazi za watu. Hakuwa mutu mubaya, alikuwa na hofu, na hofu yake nilikuwa naielewa vizuri sana. Nilijibu kwamba anayejua kuvuka ule ukuta anajua pia kufuta nyayo, na kwamba neno nilikuwa nimelitoa mimi, si biro. Akasema niende basi, lakini jina la biro nisilitaje kwa sauti. Hivyo hapa pia sijalitaja.

Dokta Furaha alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilimwambia yote: kiraka, ubao, broseti, simu niliyompigia. Nilitegemea atanifokea, na ningemushukuru. Aliuliza kitu kimoja tu, kama naweza kumuhakikishia hakuna aliyesoma. Nikasema siwezi. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Mimi siwezi kukusamehe," akasema. "Siri haikuwa yangu. Njoo kesho asubuhi, uwaambie wenyewe."

Wale waliokwenda kliniki za hapa wanajua kwamba asubuhi, kabla ya kuanza kupokea wagonjwa, muuguzi anasimama mbele ya mabenchi na kufundisha: kunawa mikono, kulisha mutoto, kulala ndani ya chandarua. Asubuhi ile muuguzi alikaa, mimi nikasimama. Espérance alinifuata bila kuombwa, akasimama mulangoni ameshika mufuko wangu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya biro, yote yakanikimbia. Nikaomba rejista ya karatasi, nikawaonesha safu ya jina na safu ya matokeo, nikaeleza kama Muzee Cirhuza alivyonieleza. Walielewa upesi kuliko shefu. Nikasema kwamba kwa miezi kumi na moja mulango wa mafaili yao ulikuwa wazi, kwamba kosa ni langu, kwamba sasa umefungwa, na kwamba sijui kama kuna aliyeingia. Nikawaambia anayetaka faili lake liondolewe mashinini litaondolewa leo.

Mama mumoja muuza makala, makaa ya kupikia, kitambaa cha kichwa kimemuteremka mpaka kwenye nyusi, aliuliza kama bwana yake anaweza kuwa amesoma. Nikasema sidhani, lakini siwezi kuapa. Akaanza kulia polepole, bila kujificha. Nilitaka sakafu inimeze. Kisha papa mumoja aliyekaa mwisho wa benchi, dereva wa lori za Kibati kwa jinsi alivyojitambulisha baadaye, akanyosha kidole.

"Wewe inakuuma nini? Unakuja, unasema pole, unarudi kwako. Jina yako haiko mule."

Dokta Furaha alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, kama kuniambia sina lazima. Espérance alikuwa mulangoni, na biro nzima ingejua kabla ya saa sita, namujua. Mufuko wa vyombo ulikuwa mukononi mwake, sikuwa na kitu cha kujifunikia.

"Iko, papa," nikasema. "Mwaka wa tisa huu. Leo pia ilikuwa siku yangu ya kuchukua dawa."

Yule mama muuza makala aliacha kulia, akaniangalia vizuri, kutoka viatu mpaka uso. Dereva naye aliniangalia, kisha akajisogeza, na aliye pembeni yake akajisogeza, mpaka nafasi ya mutu mumoja ikapatikana.

"Basi kaa," akasema. "Lakini uko nyuma ya huyu mama. Yeye alifika mbele yako."

Nikakaa, nikangoja zamu yangu.